Kamaa, uyoga wa jangwani: Hadithi ni sahihi, chupa ya mlangoni je?



Ndugu msomaji, bibi mmoja wa hapa Tegeta aliletwa katika zahanati ninayofanyia kazi akiwa amefunika jicho la kushoto kwa upande wa mtandio. Umri wake unakaribia miaka 70. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri. Kabla sijauliza lolote, mwanawe aliyemsindikiza akaweka mezani kichupa cha plastiki chenye mdomo wa kudondoshea. Juu yake kulikuwa na karatasi iliyochapwa kwa kompyuta: maji ya kamaa, tiba ya macho ya Mtume. Hakikuwa na tarehe, hakikuwa na jina la mtengenezaji. Kilinunuliwa shilingi 10,000 mlangoni mwa msikiti baada ya swala ya Ijumaa.

Jicho lilianza kwa kuwasha tu. Sisi tunaoishi huku kandokando ya barabara ya Bagamoyo tunalijua vumbi letu. Bibi akatia matone asubuhi na jioni kwa siku tisa, na kila lilipozidi kuuma akaambiwa na majirani kwamba dawa inapambana na ugonjwa. Nilipomulika tochi niliona doa jeupe katikati ya kioo cha jicho, yaani ile sehemu angavu iliyo mbele ya mboni. Kilikuwa kidonda.

Hapo nikasema neno ambalo mpaka leo najuta kulisema. Nilimuuliza, "Bibi, nani kakudanganya utie uchafu huu jichoni?"

Akanitazama kwa jicho zima. "Mwanangu, hii si dawa ya mtaani. Hii ni Hadithi. Wewe si umesoma chuo?"

Mwanawe akachukua kichupa, akamshika mkono mama yake, wakaondoka na barua yangu ya rufaa ambayo hawakuitumia. Walirejea baada ya siku sita, na safari hii hawakuwa na haja ya kuelezwa. Bibi alitibiwa hospitali ya macho na kidonda kikapona, lakini kovu limebaki katikati ya kioo. Kwa jicho hilo sasa anaona mwanga tu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Bibi hakukosea kuniambia vile. Nilikuwa nimeshika chupa, nikaizungumzia kana kwamba hakuna chochote nyuma ya lile jina lililoandikwa juu yake. Naye akasikia kwamba kijana wa zahanati anamkadhibisha Mtume (s.a.w.). Leo nataka kuandika yale niliyopaswa kumjibu siku ile.

Hadithi ya kamaa ipo, na ni sahihi. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Said bin Zayd (r.a.). Maana yake ni kwamba kamaa ni katika jamii ya manna, na kwamba maji yake ni shifaa ya jicho. Manna ni ile riziki iliyotajwa katika Suratul Baqara, waliyoteremshiwa Bani Israil bila ya kulima wala kupalilia. Tirmidhi naye amepokea kwamba Abu Hurayra (r.a.) alichukua kamaa chache, akazikamua, akayaweka maji yake katika chupa na kumtibu kijakazi wake macho, akapona. Asije mtu akasema tabibu wa Tegeta anaikana Hadithi.

Lakini kamaa ni nini? Hapa ndipo wengi wetu tunapotelezea. Tumezoea kuitafsiri kwa neno "uyoga", halafu msomaji anafikiria uyoga anaoujua yeye, wenye mguu na kofia, unaochipua kwenye kichuguu baada ya mvua. Kamaa haina mguu wala kofia. Ni donge la mviringo mfano wa kiazi mviringo, linaloota chini ya ardhi katika nchi kame: Bara Arabu, Iraq, Syria, Afrika ya Kaskazini. Huishi kwa kushikana na mizizi ya vijimti vidogo vya jangwani. Fangasi humpa mti maji na chumvichumvi za ardhini, na mti humpa fangasi chakula unachokitengeneza kwa jua. Mvua za mwanzo wa msimu zikinyesha vizuri, donge hukua taratibu, na kwenye miezi ya Januari hadi Machi huinua mchanga juu yake kidogo na kuweka ufa. Mchumaji hutembea akiangalia ufa huo. Waarabu wa kale waliita mmea wa radi, kwa kuamini kwamba ngurumo zikizidi na kamaa huzidi.

Ndugu zetu walioko Maskati na Dubai wanaijua kwa jina la faga, na wanajua bei yake. Nyeupe, inayoitwa zubaidi, ndiyo ghali zaidi. Watu hutoka mijini na familia zao kwenda kuitafuta, na wengine hufia huko. Februari 2023 katika jangwa la Syria makumi ya wachumaji waliuawa katika shambulio moja, wakiwa wametoka tu kutafuta riziki hiyo. Kitu kinachotafutwa kwa gharama kama hiyo, jiulize kimefikaje kwa wingi katika meza za vichupa vya shilingi 10,000 kwetu, ambako mvua za vuli na masika zinanyesha juu ya minazi na mikorosho. Siku moja nilimuuliza muuzaji kamaa yake inatoka wapi. Akaniambia Morogoro.

Sasa tuje kwenye sayansi, kwa sababu kibandiko cha chupa nyingine niliyoletewa kilijigamba kwamba ina "antioksidanti nyingi kuliko dawa zote za hospitali". Neno hili limekuwa kama hirizi siku hizi. Maana yake ni nyepesi. Mwili unapotumia hewa ya oksijeni kuunguza chakula, hubaki chembechembe kali ambazo zikigusa mafuta, protini na vinasaba vya seli huviharibu, kama vile upepo wa bahari ya Kunduchi unavyokula mabati yetu kwa kutu. Antioksidanti ni kiambato kinachozituliza chembechembe hizo kabla hazijaharibu. Vitamini C ni mojawapo, vitamini E pia, na zile rangi za njano na nyekundu za karoti, papai na nyanya.

Je, kamaa inazo? Ndiyo. Wataalamu waliozipima wamekuta fenoli, vitamini C na viambato vingine vya aina hiyo. Watafiti wa Hispania walichapisha mwaka 2002 kwamba kamaa na uyoga mwingine wa kuliwa vina uwezo huo, na kwamba sehemu ya uwezo huo hupotea vinaposindikwa kiwandani. Huko Jordan, mwaka 2004 na 2005, walionyesha kwamba maji ya kamaa yanazuia kukua kwa bakteria wa aina mbili wanaojulikana kwa kushambulia vidonda na macho. Nilipozisoma taarifa hizo nilifurahi, sifichi. Kusikia kwamba kitu kilichotajwa na Mtume (s.a.w.) kinachunguzwa na kukutwa na manufaa ni furaha ya kila Muislamu.

Hata hivyo nilisomeshwa kuangalia kipimo kimefanywaje. Kipimo kinachotumika sana cha antioksidanti ni cha rangi. Mtaalamu huweka ndani ya kichupa cha maabara maji ya rangi ya zambarau, anatia maji ya uyoga, na zambarau ikigeuka njano anajua kwamba uwezo upo. Hakuna jicho hapo, hakuna machozi, hakuna mshipa wa damu. Na karafuu, ndugu msomaji, ukiiweka katika kipimo hichohicho, huwa miongoni mwa viungo vyenye nguvu kubwa kabisa. Karafuu hii ya Pemba, iliyojaa jikoni mwako! Ingekuwa kugeuza zambarau kuwa njano ndiko kunakofanya kitu kiwe dawa ya jicho, basi mama zetu wangekuwa wanatutia pilau machoni.

Na zipo antioksidanti ambazo kweli zimepimwa kwa macho ya watu. Mwaka 2001 Marekani walitangaza matokeo ya utafiti mkubwa wa miaka mingi uliofanywa kwa wazee. Waliokuwa na uharibifu wa kiasi katika kitovu cha pazia la nyuma ya jicho, wakanywa vidonge vya vitamini C, vitamini E, beta-karotini na madini ya zinki, hatari yao ya kufikia hatua mbaya ilipungua kwa kama robo. Kwa mtoto wa jicho, yaani lenzi kuwa na ukungu, vidonge hivyohivyo havikusaidia. Angalia mambo mawili hapo: walimeza, hawakutia jichoni, na vilifaa ugonjwa mmoja, havikufaa mwingine. Kwa upande wa pili, huko Finland utafiti uliotangazwa mwaka 1994 ulikuta wavutaji sigara waliopewa beta-karotini wakipata saratani ya mapafu zaidi kuliko ambao hawakupewa. Kwa hiyo hata hiki kinachoitwa kizuri kina mahali pake na kipimo chake.

Wanazuoni wetu walilijua hilo kabla ya maabara. Ibnul Qayyim katika maelezo yake ya tiba ya Mtume anataja kauli mbalimbali kuhusu maji ya kamaa: wapo waliosema huchanganywa na dawa nyingine za jicho na hayatumiwi peke yake, wapo waliosema kamaa huokwa kwanza motoni ndipo ikamuliwe. Imam Nawawi aliona kwamba maji matupu yanafaa, na akataja mtu wa zama zake aliyepata nafuu kwa kuyatumia. Na Ibn Hajar katika Fat-hul Bari ananukuu kisa ambacho natamani kila muuza chupa akijue. Watoto wawili wa Imam Ahmad bin Hanbal, Swalih na Abdullah, waliumwa macho, wakakamua kamaa na kujipaka maji yake. Macho yao yakazidi kuchafuka na kuvimba. Katika ukurasa huohuo imetajwa habari ya mtu mwingine aliyefanya vivyo hivyo na jicho lake likapotea.

Tafakari. Hawa ni watoto wa Imam wa madhehebu, Baghdad, na kamaa yao ilikuwa kamaa ya kweli. Hakuna mwanazuoni aliyesema kwa ajili hiyo kwamba Hadithi si sahihi, na hakuna aliyesema kwamba yaliyowapata hayakutokea. Walikaa wakajadiliana: itumike vipi, na nani, kwa maradhi gani ya jicho, imechanganywa na nini. Mjadala huo ndio tulioupoteza sisi. Tumebakiwa na jina lililobandikwa juu ya plastiki.

Mimi ni tabibu, si mwanazuoni, basi niseme la upande wangu. Hakuna dawa ya matone ya kamaa ambayo imepita katika majaribio ya wagonjwa wengi, kwa kulinganisha, kiasi cha kumruhusu tabibu aiandike kwenye cheti. Na hata ingekuwepo, isingekaa katika kichupa cha mlangoni. Dawa ya jicho hutengenezwa bila kimelea hata kimoja, chumvi na ukali wake hulinganishwa na machozi, na ikishafunguliwa hutupwa baada ya wiki nne hivi. Maji ya donge lililochimbwa mchangani, yaliyokamuliwa jikoni na kukaa juani toka Ijumaa mpaka Ijumaa, ni chakula cha bakteria na fangasi. Na ajabu ni kwamba vidonda vingi vya kioo cha jicho katika nchi za joto na unyevu kama yetu husababishwa na fangasi hasa, wa ukoo mmoja na huyo kamaa, na ndivyo vigumu kuliko vyote kutibu.

Hili si la bibi yetu peke yake. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 uliangalia wagonjwa 103 wenye vidonda vya kioo cha jicho, na takriban robo ya vidonda hivyo vilihusiana na dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni. Na Januari 2024, Dar es Salaam ilipokumbwa na macho mekundu, sote tuliona. Ulikuwa ugonjwa wa virusi, ambao kwa wengi huondoka wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Wizara ya Afya ikatahadharisha watu wasitie chochote ambacho hawakuandikiwa. Lakini zahanatini nilipokea waliotia chai, waliotia maji ya chumvi, waliotia maziwa ya mama. Wengine walikuwa wametia matone ya duka la dawa yenye steroidi bila kupimwa, na hayo nayo si salama. Yakikutana na kidonda cha fangasi hukikuza. Sisemi ya dukani ni mazuri na ya msikitini ni mabaya.

Kuhusu trakoma, au vikope, ni kweli kwamba mwaka 1981 huko Kuwait iliwasilishwa taarifa ya kuitibu kwa maji ya kamaa, na wauzaji huipenda sana habari hiyo. Ila sisi tuna habari ya kwetu. Kongwa, mkoani Dodoma, ilikuwa na watoto wengi wenye vikope. Utafiti wa huko uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba vijiji vilivyohimizwa kunawisha watoto uso, pamoja na kupewa dawa, vilipata watoto wachache zaidi wenye vikope vikali kuliko vijiji vilivyopewa dawa tu. Maji safi ya kunawa uso! Muislamu ananawa uso mara tano kwa siku, lakini mtoto wa miaka mitatu haswali, hivyo uso wake unategemea mama au dada akumbuke. Mwenye mtoto mwenye tongotongo nyumbani, hapo pa kuanzia papo.

Msomaji ataniuliza, basi kamaa tuiache? Hapana. Tuile. Ukijaaliwa ndugu yako akakuletea kutoka Uarabuni, ioshe mchanga kwa maji mengi, imenye, ichemshe vizuri, uipike na nyama au uichanganye na wali. Robo tatu na zaidi ya uzito wake ni maji, na katika kinachobaki kuna protini ya kutosha. Nimeonja mara moja tu, katika futari ya jirani. Ina harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na laini yake ni kama ya moyo wa ng'ombe uliopikwa ukaiva. Kwa kweli si kitu cha kukufanya uuze kiwanja.

Na ambaye hana ndugu Uarabuni, hajakosa kitu kikubwa. Uyoga kwa jumla una kiambato kiitwacho ergothioneini, antioksidanti ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza, lakini mwaka 2005 iligunduliwa kwamba seli zetu zina mlango wake maalumu wa kuiingiza. Hupatikana pia ndani ya lenzi ya jicho. Njia yake ya kufika huko ni tumbo na damu. Ule uyoga wa mamama unaolimwa kwenye vibanda mijini na kuuzwa kwa vifungu unayo kwa wingi, na bei yake mama wa nyumbani anaimudu mara mojamoja. Ila tafadhali, asitoke mtu na kapu kwenda kuokota uyoga porini Wazo au Bunju kwa sababu amesoma habari hii. Upo uyoga mkubwa mweupe unaoota kwenye majani ya nyua zetu, unaopendeza kama mwavuli, na unatapisha vibaya. Ipo pia inayoua ini, na sumu yake haitoki kwa kuchemsha, wala kijiko cha fedha hakiitambui. Kama hukufundishwa na wazee wanaoujua wa eneo hilo, nunua wa kulimwa.

La mwisho nawaelekeza wenye kamati za misikiti. Sikatai habasoda, asali wala mafuta ya zaituni kuuzwa uwanjani. Mimi mwenyewe ni mteja. Nasemea kitu kimoja tu, dawa ya kutia jichoni. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muuzaji aulizwe: umesajiliwa? Dawa hii imesajiliwa? Imetengenezwa lini, na nani, kwa kamaa ya wapi? Akishindwa kujibu, kile kichupa kisiwekwe mezani, kwa sababu mnunuzi haangalii karatasi iliyobandikwa juu yake. Anaangalia mlango aliotokea. Bibi yule aliniambia baadaye, nilipokwenda kumjulia hali na kumwomba radhi, kwamba asingenunua matone ya jicho kituo cha daladala hata siku moja. Alinunua kwa sababu yaliuzwa msikitini.

Na aliye na jicho jekundu linalouma, linaloogopa mwanga, au lenye doa jeupe, afike kituo cha afya siku hiyohiyo. Asisubiri Ijumaa. Ana haki ya kuja na chupa yake, na tabibu ana wajibu wa kumsikiliza kwanza.

Bibi alinipa kichupa kile nikiweke. Nimekifungia kwenye kabati ya zahanati, hakijafunguliwa tena tangu siku ile. Ndani yake sasa kumeota utando mweupe kama pamba, unaelea. Mjumbe yeyote wa kamati anayetaka kuuona anakaribishwa, tunafungua saa mbili asubuhi.